Kisomo Kinapokwisha, Kazi ya Maktaba Inaanza

Mtu mzima aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 45 anaweza kusahau katika mwaka mmoja au miwili. Herufi hazimtoki zote kwa mpigo. Kwanza anaviacha vijitabu, kisha anabaki na vibao vya daladala na jina lake mwenyewe, na mwisho akiletewa fomu anasema miwani ameisahau nyumbani. Sisi tunaofanya kazi ya kisomo, yaani kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, Tanga mjini na vijiji vya jirani tumeliona hili mara nyingi mno, na sababu yake karibu kila mara ni ile ile: darasa lilifungwa, na nyumbani hapakuwa na kitu cha kusoma. Darasa hufundisha, lakini kinachomfanya mtu aendelee kuwa msomaji ni kupata karatasi mpya mkononi kila wiki. Kwa mtu asiye na fedha ya kununua vitabu, maktaba ya umma ndiyo pekee inayoweza kumpa.

Nchi hii ililijua jambo hilo zamani. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa takribani theluthi mbili. Upimaji wa kitaifa wa 1986 ulionyesha wamebaki asilimia 9.6. Waliopanga kazi ile hawakuishia kwenye ubao na chaki. Waliweka maktaba za vijiji, magazeti ya vijijini, na vipindi vya redio kama vile vya kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, ambapo watu walisikiliza kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Fedha zilipopungua, vitabu vya vijijini vilichakaa na havikuletwa vingine, na idadi ya wasiojua kusoma ikaanza kupanda tena. Kwa hiyo anayepanga kisomo leo bila kupanga vitabu vya baada ya kisomo anarudia kosa ambalo lilishalipiwa gharama.

Bodi ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963, Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na mikoani zikafuata maktaba za mikoa, Tanga ikiwemo. Ya kwetu iko upande wa mjini. Mkazi wa Ngamiani huvuka reli kuifikia, na huo mvuko ni mrefu kuliko unavyoonekana kwenye ramani. Mama anayekaanga samaki barabara ya 12 anaona upande ule ni wa ofisi na wa wasomi. Hatakwenda kwa sababu ya tangazo. Atakwenda akipelekwa na mwezeshaji wake, pamoja na wenzake wa darasani, siku ambayo mkutubi anawatarajia na amewatengea meza.

Ziara hiyo ya kwanza ina taratibu zake. Iwe ya watu wasiozidi 12, na isifanywe saa ambazo chumba kimejaa wanafunzi wa sekondari. Mtu wa miaka 50 anayesoma kwa sauti, silabi kwa silabi, hawezi kukaa meza moja na mtoto wa jirani yake anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Aibu hiyo peke yake inatosha kumrudisha nyumbani asionekane tena. Wasipelekwe sehemu ya watoto pia, hata kama vitabu vyenye herufi kubwa viko huko. Hamisha vitabu, usihamishe watu. Chumba cha pembeni kinafaa, na kama hakipo, saa ya kwanza baada ya kufungua inafaa. Mkutubi awaamkie kama anavyowaamkia wakubwa wake wa nyumbani: shikamoo mama, shikamoo mzee, karibuni. Neno ngumbaru, la kumwita mtu mzima anayejifunza kusoma, lisiandikwe popote, wala kwenye tangazo wala kwenye kitabu cha mahudhurio. Wapo wanaolisema bila nia mbaya, lakini mwanakisomo analisikia kwa namna nyingine.

Kizuizi kinachofuata ni fomu ya uanachama. Maktaba humtaka mtu ajaze fomu ili aazime kitabu, na huyu amekuja kwa kuwa hajui kujaza fomu. Tulichoona kinafanya kazi ni kuigeuza fomu kuwa somo. Wiki mbili kabla ya ziara, darasa linajifunza maneno matano tu: jina, umri, anwani, simu, sahihi. Nakala za fomu zinagawiwa na kujazwa kwa penseli, zinafutwa, zinajazwa tena. Siku ya ziara mtu anajaza yake kwa kalamu mbele ya mkutubi. Wengi hawajawahi kujaza karatasi ya ofisi kwa mkono wao. Hadi siku hiyo wamekuwa wakipaka kidole wino. Palipo na sharti la mdhamini, kikundi kizima kidhaminiwe na kituo cha kisomo kwa barua moja, maana ukimwambia kila mtu akatafute wake, nusu yao hawatarudi.

Kabla ya vitabu, macho. Kuanzia miaka 40 hivi, jicho huanza kushindwa kuona vitu vya karibu, na waliokwisha kukata tamaa kwamba "kichwa hakishiki" mara nyingi hawaoni herufi tu. Mpe mtu sindano na uzi. Akiirefusha mikono ndipo atunge, au akikwambia kuna giza wakati hakuna, anahitaji miwani ya kusomea. Maktaba ikiwa na kisanduku cha miwani kumi hivi kaunta, za namba 1.00 hadi 3.00, itaokoa watu wengi. Mtu wa miaka 45 huanzia 1.00 au 1.50, wa 50 karibu 2.00, aliyepita 60 hufika 2.50 au zaidi. Miwani hiyo ni ya kuazima mle ndani. Anayelalamika jicho kuuma, ukungu au kuona nusu, aende hospitali, asipewe namba nyingine.

Sasa kuna jambo la Tanga, na la pwani yote, ambalo vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi nzima havilizungumzii vya kutosha. Wengi wanaoandikishwa kama wasiojua kusoma wamepita chuoni, yaani madrasa, na wanasoma Kurani. Wanaijua herufi ni nini, wanajua kwamba alama fulani hubeba sauti fulani, na wamezoea kukaa na ukurasa mmoja hadi ukubali. Ukimwanzishia mtu huyo "hii ni a" kama mtoto wa chekechea, umemdharau na umepoteza miezi. Anzia anapojua. Fataha ni a, kasra ni i, dhuma ni u: irabu tatu kati ya tano tayari anazo kichwani. Zinazomsumbua ni e na o, kwa hiyo zipe muda mara mbili. Tatizo lake la pili ni mwelekeo. Jicho linakwenda kulia kabla ya kuanza, na kitabu hukifungua kwa nyuma. Chora mshale mdogo kwenye ukingo wa kushoto wa kila ukurasa kwa mwezi wa kwanza, na mpe kipande cha manila cha kufunika mistari ya chini, akitelemshe mstari mmoja mmoja. Watu hawa, wakipata vitabu, huenda haraka kuliko wengine wote darasani. Mwezeshaji asipowajua mapema huwaweka kundi moja na wanaoshika penseli kwa mara ya kwanza, na kundi zima linaharibika.

Kwa wasiopita chuoni, kitu cha kusomea kilicho bora kabisa kiko viunoni mwa akina mama. Jina la kanga ni maandishi mafupi, makubwa, yenye maana, na kila mtu anayo nyumbani. Tandaza mezani kanga iliyoandikwa WEMA HAUOZI. Hatari yake ni kwamba wote wanaijua kwa moyo, wataighani badala ya kuisoma. Kwa hiyo funika yote kwa manila, onyesha WE peke yake, halafu MA, halafu HA, U, O, ZI. Silabi hizo sita ziandikwe kwenye vipande sita vya karatasi na zichezewe mezani: MA na WE zinaleta mawe, U na ZI zinaleta uzi, HA na MA zinaleta hama, ZI na MA zinaleta zima, na ukitanguliza U unapata uzima. Hakuna aliyezijua hizo kwa moyo kutoka kwenye kanga. Hapo mtu anasoma kweli. Mama akishaliunda neno uzima kwa mkono wake, hulitazama, hulisoma kwa sauti ya chini, kisha huvichanganya vipande na kuliunda upya bila kuambiwa.

Kanga ina upungufu mmoja: imeandikwa kwa herufi kubwa. Vibao vya barabarani na ubavuni mwa magari ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma mji mzima na asisome ukurasa wa kitabu. O, S, U, W, Z, V na K hazisumbui kwa kuwa ndogo yake inafanana na kubwa. Zinazosumbua ni A, B, D, E, G, H, L, N na R. Andika jina la kanga kwa herufi kubwa, na chini yake hapo hapo kwa ndogo, kila siku, mpaka wazoee. Usipofanya hivi kabla ya kuwapeleka maktaba, watafungua kitabu na kudhani kimeandikwa lugha nyingine.

Vitabu gani viwekwe? Rafu ya wasomaji wapya isizidi vitabu 60 au 80, na viwekwe jalada likitazama mbele, si mgongo. Tunavigawa kwa utepe wa rangi. Kijani: sentensi moja au mbili kwa ukurasa, herufi za pointi 18. Njano: aya fupi, pointi 16. Buluu: kurasa 30 na zaidi, na magazeti. Mtu achague mwenyewe, lakini kwanza asome aya moja mbele ya mkutubi. Akikwama zaidi ya mara tano katika aya hiyo, ashuke rangi moja. Kipimo kingine ni dakika moja inayopimwa kwa saa ya simu: anayesoma chini ya maneno 20 kwa dakika hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake, na kitabu kirefu kitamchosha bure. Wakutubi wengi, kwa moyo mzuri, hutoa kitabu kikubwa ili kumheshimu mtu. Kinarudi kesho yake, na yeye harudi.

Vitabu vya kijani vya watu wazima ni adimu. Vya watoto vipo, lakini hadithi ya sungura na fisi haimkai mzee wa miaka 60 isipokuwa anamsomea mjukuu, jambo ambalo ni zuri na lichochewe. Kwa hiyo lazima vitengenezwe, na maktaba ndiyo mahali pake. Wanakisomo wasimulie wanachokijua: namna ya kupika mkate wa kumimina, dalili za pepo za kusi zinapoanza, namna ya kuchagua pweza, historia ya magofu ya Tongoni kama walivyoisikia kwa wazee wao. Mwezeshaji aandike kama walivyosema, sentensi zisizidi maneno saba, asirekebishe lafudhi ya Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga, ikawa ya redio.

Karatasi sita za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kijitabu cha kurasa 24. Usizibane kwa pini za steple. Upepo wa bahari huzitia kutu kabla ya masika mawili, kutu inakula karatasi, na kurasa za katikati zinadondoka. Shona. Weka jalada la manila nje, fungua kijitabu katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, na moja moja sentimita 4 kutoka kila mwisho. Uzi wa pamba, urefu mara mbili na nusu ya kijitabu, usugue kwenye mshumaa mara mbili tatu. Pitisha sindano tundu la katikati kutoka ndani kwenda nje, ingiza tundu la juu, ruka la katikati kwa ndani, toka tundu la chini, rudi ndani kwa tundu la katikati. Ncha mbili zikae pande mbili za uzi mrefu, ndipo ufunge fundo. Mtu mmoja hushona vijitabu kumi kwa saa. Wanakisomo wakishone wenyewe, maana kitabu ulichokishona hukitupi.

Unyevu huohuo ndio adui wa rafu. Rafu isigusane na ukuta, acha sentimita 5, ya chini kabisa iwe sentimita 15 juu ya sakafu, vitabu visibanwe. Madirisha yafunguliwe asubuhi jua likishapanda, yafungwe kabla ya magharibi. Kitabu kikitoka ukungu, kikaushwe kivulini na kufutwa kwa brashi nje ya chumba. Jua kali hukausha gundi na majani yote yanaachia.

Muda wa darasa ndio uliotusumbua kuliko yote, kwa sababu ratiba za ofisini huandikwa kwa siku za wiki na watu wa pwani hawaishi hivyo. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka sana samaki hawakusanyiki kwenye taa, na hapo ndipo wanapokuwa nchi kavu. Darasa lao lipangwe kwa mwezi wa angani: siku kumi mfululizo kuizunguka mbalamwezi, saa moja na nusu kila siku, kisha wapewe vitabu vya kwenda navyo kipindi cha giza. Wanaotaka wavuvi waje Jumanne na Alhamisi mwaka mzima huandika "mahudhurio hafifu" kwenye ripoti na kuwalaumu wavuvi. Wauza vitumbua na wakaanga samaki wanaweza kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Mwezi wa Ramadhani punguza vipindi viwe vya dakika 45 asubuhi, usivifute, maana wiki nne bila kusoma zinarudisha nyuma walio kwenye kijani.

Na kwa sababu wengi hawafiki mjini, vitabu viende. Sanduku la bati lenye kufuli, vitabu 40, daftari moja la kuazimia, linakaa kituoni miezi mitatu kisha linabadilishana na la kituo kingine, la Mwambani lije Sahare, la Sahare liende Tongoni. Daftari liwe na safu nne tu: jina, namba ya kitabu, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Muazimaji aandike mwenyewe. Vitabu vitatu au vinne vikipotea kwa mzunguko, hiyo ni gharama ya kawaida. Sanduku linalorudi na vitabu vyote 40 visafi halikusomwa, na tunaomba wasimamizi waache kuwasifu watunzaji wa namna hiyo.

Simu zimeleta somo ambalo kila mtu analitaka. Tokeni ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ina tarakimu 20, husomwa nne nne, mafungu matano; zoezi zuri la kuhesabu na la kutokata tamaa. Ujumbe wa fedha una maneno manne ya kufundisha: umepokea, kiasi, kutoka, salio. Wafundishe kulinganisha salio jipya na la zamani kabla ya kutoa chochote, na kutazama ujumbe umetoka kwa jina la huduma au kwa namba ya mtu. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unawapata zaidi wanaosomewa simu na wengine. Chapisha ujumbe wa kweli na wa uongo kwenye karatasi kubwa, ubandikwe kwenye ukuta wa chumba cha kusomea. Kompyuta za maktaba zinaweza kusubiri.

Kila darasa huwa na mmoja au wawili ambao hawataki kuishia hapo. Wanataka kufanya Mtihani wa Maarifa, waje kuwa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. Hao wasiachwe kwenye rafu ya utepe wa buluu. Wanahitaji meza moja ya kudumu jioni, taa inayowaka, muhtasari wa masomo wa sasa, na mitihani iliyopita iliyofungwa kwa somo. Mkutubi ahakikishe muhtasari ni wa mtaala unaotahiniwa mwaka huo, kwani mitaala imebadilishwa, na rafu nyingi bado zimejaa vitabu vya mtaala wa zamani. Mtu anaweza kujisomea mwaka mzima mada zilizokwisha kuondolewa. Vitabu hivyo vya zamani vipigwe muhuri jaladani na kupelekwa rafu ya rejea. Nafasi inayobaki wapewe watu hawa, na majina yao yaandikwe kwenye ratiba ya meza ili mlinzi wa jioni asiwafungie mlango.